Nyonga Mia za Nyamihigo

Mfupa wa mwalimu mstaafu ulipasuka kwenye pigo la nne. Haukutoa kishindo. Ulitoa mlio mdogo, kama ganda la karanga linalofinywa kiganjani, na kila aliyekuwa chumbani akaacha alichokuwa akifanya.

Mkono wa mashine ulisimama wenyewe. Ulining'inia kutoka kwenye reli ya dari, viungio vyake vyeupe vimekunjika juu ya paja lililofunuliwa, nyundo yake ndogo ikiwa bado hewani. Skrini ya ukutani iliandika: MPASUKO WA FUPA LA PAJA. NAFUNGA WAYA. Kisha ukabadili kifaa na kuanza kuuzungushia mfupa ule waya, bila haraka wala haya, kama fundi anayefunga mpini wa jembe alilolivunja mwenyewe.

"Wa tatu huyu," alisema Sista Kokubanza, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji.

"Nimeona," alisema Daktari Nyangeta Mafuru.

"Wazee watatu tangu mvua za vuli. Vijana tumewafanya wangapi, na hakuna aliyepasuka. Mkono huu una ugomvi na wazee?"

Kidole cha Nyangeta kilikuwa bado juu ya kitufe chekundu, alichokibonyeza kwa kuchelewa. Zamani alikuwa bingwa wa mifupa; aliwapasua watu kwa mikono yake na wakatembea. Sasa sheria ilimwita mlezi wa Mkono, na ilimwachia vitufe viwili: cha kijani cha kuanzisha, chekundu cha kusimamisha. Katikati ya vitufe hivyo hapakuwa na daktari. Hata uzito wa nyundo hakuruhusiwa kuugusa.

Mwalimu angelala kitandani miezi badala ya wiki. Huenda angetembea. Katika hesabu za Mamlaka iliyosimamia hospitali angeitwa tatizo, na tatizo likishafungwa waya halina jina wala wajukuu.

*

Nyamihigo iko ukingo wa mashariki wa ziwa, na bahati yake mbaya ni kukumbukwa tu pale kitu kinapofungwa. Kinu cha pamba kilifungwa kwa sababu marobota yalikuwa machache. Yalikuwa machache kwa sababu mizani ya kinu iliwaibia wakulima mpaka wakang'oa pamba wakapanda mihogo. Sekondari ya wasichana ilifungwa kwa sababu wanafunzi walikuwa wachache. Walikuwa wachache kwa sababu bweni liliungua, na badala ya mabati ikaletwa tume. Kila mara alikuja mtu mwenye shati safi akasema neno ufanisi, akanywa soda, akaondoka.

Kwa hiyo ilipotungwa Sheria ya Kizingiti, watu wa pale waliitambua kwa harufu. Ubaya wake ni kwamba ilisimama juu ya jambo la kweli. Hospitali inayobadilisha nyonga chache kwa mwaka huumiza wagonjwa wengi zaidi, ukilinganisha, kuliko inayobadilisha nyingi. Nyonga huteguka, vidonda hutunga usaha, mifupa hupasuka, watu hurudishwa mezani. Mkono usiozoea kazi hukosea. Hilo halina ubishi. Mtu mwenye nia njema akisikia hivyo atauliza, hawa wanaofanya chache tuwasaidieje? Mamlaka iliuliza, tufunge zipi?

Ikawekwa idadi. Nyonga mia kwa mwaka. Wakati huo mikono ya mashine ilikuwa imeshachukua nafasi ya mikono ya watu, na walioitengeneza waliifanya ijifunze kwa kazi na isahau kwa kukaa bure, ili usiwepo Mkono unaoringia ujuzi wa zamani. Kila Mkono ulijihesabia wenyewe. Usiofika mia ulifunguliwa bolti, kumbukumbu yake ikaoshwa, ukapelekwa penye wagonjwa wengi.

Nyamihigo ilipata wagonjwa arobaini. Mwaka mzuri, arobaini na watano. Wengi walikuwa vijana, kwa sababu seli mundu ni ugonjwa wa nyumba nyingi za ukanda ule. Damu yenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, kichwa cha fupa la paja hukosa chakula na kufa, na msichana wa miaka ishirini hutembea kama bibi yake.

Nyonga nyingine zote, zaidi ya nusu, zilitoka kwa Masatu mwenye bucha.

Jambo hili lilianza bila hila. Mkono ulipokaa muda bila kazi uliamka mzito, na Sista Kokubanza akashauri upashwe moto kwa nyonga ya ng'ombe kabla ya kumgusa mtu. Reli ya dari ilipita mpaka chumba cha pili, kilichojengwa kwa ajili ya upasuaji na ambacho taa zake ziliishia kwenye ahadi. Humo walilaza nyonga ya fahali mezani, wakaifunika shuka la kijani, wakaacha tundu. Mkono ukachana nyama, ukakata kichwa cha mfupa, ukatia kikombe na shina vya mazoezi, vile vyuma vya nyonga bandia, ukashona. Kisha, bila kuulizwa na mtu, ukajiongezea moja kwenye hesabu yake.

Waliangaliana. Safari iliyofuata Masatu alileta mbili.

Hivyo ndivyo Alhamisi ikawa siku ya supu. Vyuma vilichomolewa vikachemshwa, Mkono ukasafishwa kwa dawa mpaka ukang'aa, mifupa ikapelekwa jikoni, na wodi zote zikanywa. Mgonjwa aliyelazwa Nyamihigo alijua Alhamisi kuna supu kama alivyojua Jumapili kuna misa. Wapo waliochelewesha kuruhusiwa kwa ajili hiyo.

Alhamisi iliyofuata mpasuko wa mwalimu, Nyangeta alisimama karibu kuliko kawaida yake. Mkono uliingiza tupa ndani ya fupa la fahali, ukalichonga, ukashika shina, ukagonga. Pigo jepesi. Jepesi. Zito. La nne likashuka mpaka meza ikatikisika, na shina likakaa barabara.

"Nigongee ulivyosikia kwa mwalimu," alimwambia Sista.

"Wapi?"

"Hapo mezani. Kwa kidole."

Sista Kokubanza alifumba macho, akagonga ubavu wa meza kwa kifundo cha kidole. Jepesi, jepesi, zito. Kabla ya la nne akaacha, akafumbua macho.

"Ni yaleyale," alisema.

Yalikuwa yaleyale. Mkono haukupima kwanza mfupa ulio mbele yake. Uliamua uzito wa nyundo kwa kukumbuka mifupa iliyopita, na mingi kati ya hiyo ilikuwa ya mafahali waliokomaa, migumu kama kokoto. Mfupa wa kijana mwenye seli mundu nao huwa mgumu. Sehemu iliyokufa hujaa, uwazi wa ndani hubaki mwembamba, na Mkono wa kawaida huteleza humo ukatoboa ubavuni. Mkono wa Nyamihigo haukuteleza. Ng'ombe walikuwa wameufundisha mifupa ya vijana, na hakuna aliyekusudia. Ila mfupa wa mzee ni mwepesi, una matundu kama mkate, na hakuna fahali aliyewahi kuufundisha hilo.

"Basi tumekuwa tukiwagonga wazee kama ng'ombe," alisema Sista.

"Ndiyo."

"Na kule mjini?"

"Kule Mkono wao umeshafanya maelfu, karibu wote wazee. Wazee wanatoka pale wakitembea. Vijana wetu wawili tuliowapeleka kabla hatujapata wa kwetu, unakumbuka walivyorudi."

Sista alikumbuka. Wote wawili walirudi na chuma kimetokea ubavuni mwa paja, na karatasi iliyosema upasuaji ulifanikiwa.

"Sasa si tuwapeleke wazee mjini, vijana wabaki hapa? Mbona ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili."

"Rufaa, Sista."

Sista Kokubanza akaanza kukusanya mifupa. Hospitali yenye Mkono ilikatazwa kutoa rufaa ya nyonga. Sharti hilo nalo lilikuwa na akili zake: liliwekwa ili hospitali zisisukumiane wagonjwa wagumu na kubaki na hesabu safi. Aliyetoa rufaa hata moja alichukuliwa kuwa amekiri kushindwa, na bolti zilifunguliwa.

*

Bibi Nyabise Mgendi aliletwa juu ya mlango. Ulikuwa mlango wa banda lake la kuku, alikoteleza, na wanawe walioubeba walimshusha nje ya wodi huku akiwaelekeza kama watu wanaoshusha kabati. Mguu wa kushoto ulikuwa umefupika na kugeukia nje. Nyangeta alijua kabla ya picha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, binti Mafuru. Baba yako hajambo?"

"Alishafariki, Bibi. Mwaka juzi."

"Najua, nilikuwa mazishini. Nilitaka kuona kama ukiulizwa ghafla unasema kweli." Alikunja uso, maumivu yakapita. "Haya. Mfupa umevunjika?"

"Umevunjika. Shingo ya fupa la paja."

"Mtatia chuma?"

"Inabidi, na mapema. Ukilala hivyo siku nyingi mapafu yatajaa."

Hakuna aliyemuuliza Bibi Nyabise jina mapokezi. Ndiye aliyewaongoza wanawake wakakalia mizani ya kinu, wakagoma kushuka mpaka ipimwe mbele yao kwa jiwe walilolijua uzito. Polisi walimshusha kwa nguvu. Mizani ilipimwa. Kinu kikafungwa msimu uliofuata, na wapo waliomlaumu yeye mpaka leo.

Wodi ilikuwa na kitanda kimoja kitupu, kando ya Veredia. Veredia Bituro alikuwa fundi cherehani, ana seli mundu, na nyonga yake ya kulia ilikuwa imebadilishwa hapohapo Nyamihigo ikakaa vizuri mpaka akarudi kukanyaga cherehani. Sasa ya kushoto ilikuwa imekufa. Alikuwa amelazwa akingoja zamu yake, magongo yameegemea ukuta.

"Karibu, Bibi," alisema Veredia. "Hapa chakula kibaya ila Alhamisi kuna supu."

Alasiri akafika Lwitiko, mkaguzi wa Mamlaka. Leseni ya Mkono ilikuwa imekwisha muda, na ili aihuishe ilimbidi aone upasuaji mmoja kwa macho yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye begi dogo na kikohozi cha vumbi. Alipita wodini, akasalimia kila kitanda, akasimama kwa Bibi Nyabise.

"Huyu ndiye wa haraka," alisema. "Tumfanye huyu kesho asubuhi."

"Na wewe ndiye nani, baba?" aliuliza Bibi.

"Mimi mkaguzi, Bibi. Nakagua mashine."

"Alaa. Nami nikadhani unanunua kuku, ulivyosimama."

*

Ofisini Nyangeta alimwambia. Hakuzunguka.

"Mkono huu umewapasua mifupa wazee watatu."

"Nimeona. Watatu katika nyonga mia na mbili."

"Utampasua na huyu."

"Huenda." Lwitiko alifungua begi, akatoa karatasi, akairudisha bila kuisoma. "Kiwango kinachoruhusiwa ni minne kwa mia, Daktari. Mna nafasi ya mmoja."

Nyangeta alimwangalia. Mtu yule alikuwa amesema jambo la kweli, kwa upole, kama anayemwonyesha mgeni kiti kilichobaki.

"Hiyo nafasi ni mguu wa mtu."

"Sikuiandika mimi."

"Nikikueleza kwa nini unawapasua?"

"Usinieleze." Alikohoa, akafuta mdomo. "Nimepita chumba cha pili. Nimenusa. Ukinieleza nitalazimika kuandika, nisipoelezwa nimenusa tu. Unadhani ni nyinyi peke yenu? Kuna mahali wanatumia mbuzi. Kuna wengine wanapasua watu wasio na shida, mtu amekuja na maumivu ya mgongo anaondoka na nyonga mpya. Nyinyi angalau hamkumpasua asiyehitaji."

"Na Mamlaka inajua."

"Mamlaka inajua idadi. Ukitaka ijue na kitu kingine, itabidi uitengenezee safu." Aliinua mabega. "Nami nina kizingiti changu. Nikifunga nyingi naulizwa wagonjwa wataenda wapi, nisipofunga hata moja naulizwa nilikuwa nimelala wapi. Mwaka huu nimeshafunga za kutosha. Sina haja ya kwenu. Acha Mkono ufanye kazi, nitie sahihi, tuagane."

"Nikimfanya mimi? Kwa mikono yangu."

"Sheria hairuhusu."

"Iache sheria. Nakuuliza wewe."

Lwitiko alifikiri kweli. "Umefanya nyonga ngapi tangu Mkono uje?"

"Hakuna hata moja."

"Basi jibu unalo, Daktari, bila sheria wala mimi."

Nyangeta alitazama vidole vyake. Viliwahi kusikia mfupa kupitia nyundo na kujua lini uache. Sasa vilijua vitufe. Aliyoyalaani katika sheria ile yalikuwa yamekaa mikononi mwake mwenyewe, na alikuwa na haki ya kukasirika lakini hakuwa na haki ya kujaribia juu ya bibi.

*

Aliwaambia wote wawili, Bibi na Veredia, jua likiwa bado dirishani. Aliketi kwenye benchi kati ya vitanda na kueleza tangu mwanzo: Masatu, shuka la kijani, tundu, hesabu, nyundo.

Veredia alikuwa wa kwanza kusema. "Ile supu."

"Ndiyo."

"Ile supu ilikuwa imefanyiwa upasuaji."

"Ilioshwa," alisema Sista Kokubanza kutoka mlangoni, kwa hasira kidogo.

"Kwa hiyo mimi ni ng'ombe."

"Mfupa wako tu," alisema Nyangeta.

"Fahali, natumaini. Na Bibi?"

"Wa Bibi ni mwepesi. Hauwezi pigo hilo."

"Bibi, wewe ni biskuti," alisema Veredia, na Bibi Nyabise akacheka mpaka mguu ukamkataza.

Kisha Nyangeta akasema lililobaki. Akimpeleka Bibi mjini, Bibi atapona, ila Mkono utaondoka, na Veredia pamoja na wenzake walio kwenye foleni watabaki na Mkono wa mjini, usiowajua. Akimbakiza Bibi, vijana watapona, naye karibu kwa hakika atapasuka, akiwa na umri ule.

"Sasa unataka tuseme nini?" aliuliza Bibi.

"Sijui, Bibi. Nimeona ni haki yenu kujua."

"Kujua ni haki yetu. Ila wewe hukuja kutujulisha tu." Bibi Nyabise alijiinua kidogo kwa kiwiko. "Walipotaka kufunga kinu walituita mkutano. Wakasema wafanyakazi wa kinu na wakulima hawawezi kulipwa wote, chagueni. Tukagombana sisi kwa sisi mpaka harusi zikavunjika, na wao huku nyuma wanapakia mitambo kwenye lori. Bweni lilipoungua wakasema kuna mabati ya jengo moja, bweni au zahanati, chagueni. Tukachagua zahanati. Hayakuja hata ya zahanati. Mimi sichagui tena. Usiniletee huyu mtoto mbele ya kitanda changu uniambie mguu wake au wangu. Swali hilo lina mwenyewe. Mrudishie."

"Mwenyewe yuko nyumba ya wageni, anakula sato," alisema Veredia.

"Bibi, hata nikimrudishia, kesho asubuhi itafika. Lazima mtu aamue."

"Ndiyo. Wewe. Hukusomeshwa ili uje kutuuliza sisi." Sauti yake haikupanda. "Nami nitakwambia kitu kimoja, na si kukuchagulia. Wale wazee watatu uliwagonga hujui. Mimi utanigonga unajua. Usije ukaniambia ni kosa lilelile."

Nyangeta aligeuka, labda bila kukusudia, akamtazama Veredia.

"Hapana, Daktari," alisema Veredia. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Usiniangalie hivyo. Unataka nikuruhusu ili ulale usingizi. Sikuruhusu. Bibi ni wa watu, nampenda, akifa nitalia. Lakini mimi nataka mguu wangu. Nilikuwa nimeshapata."

Hakuna aliyemlaumu. Sista Kokubanza alikuja akamwekea mto vizuri, ingawa mto ulikuwa vizuri.

*

Asubuhi chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Lwitiko alikuwa ameshavaa nguo za kijani, kofia na barakoa, amesimama pembeni mahali pa wakaguzi. Meza ilikuwa tupu.

Nyangeta aliingia na kumpa karatasi ya rufaa.

Aliisoma akiwa amesimama. Ilisema kwamba Nyabise Mgendi anapelekwa hospitali ya mjini kwa sababu Mkono wa Nyamihigo haufai kwa mifupa ya wazee. Ilisema kwa nini, pamoja na ng'ombe. Ilisema pia kwamba Mkono wa mjini haufai kwa mifupa ya seli mundu, na kwamba Mikono miwili inayojua nusunusu ingeweza kugawana wagonjwa kama watu wangeruhusiwa kupelekwa panapowafaa. Sehemu hiyo Lwitiko aliisoma mara mbili.

"Hii ya mwisho hawataisoma," alisema.

"Najua."

"Na hii ya ng'ombe itawafanya waoshe kumbukumbu yote. Hakuna anayeweza kumtenganisha ng'ombe na kijana humo ndani. Vyote mlivyoufundisha vitakwenda."

"Najua, Bwana Lwitiko. Ndiyo bei ya uongo wangu. Wa kwenu nani ataulipia?"

Nje, gari la wagonjwa liliwashwa. Bibi Nyabise alikuwa ameshapakiwa, na sauti yake ilisikika mpaka ndani, akimwambia dereva kwamba akipita kwenye mashimo kwa kasi atashuka amalizie kwa miguu. Gari likatoka, mlio wake ukapungua, ukaisha.

Lwitiko alikwenda kwenye skrini, akaweka kiganja chake, akaandika. Pale palipokuwa na idadi pakawa na mstari mtupu. Akapiga simu kwa mafundi. Walikuwa na kazi wilaya nyingine. Wangefika kesho yake.

"Mpaka wafike," aliuliza Nyangeta, "bolti zitakuwa mahali pake?"

"Zitakuwa."

"Na umeme?"

"Daktari."

"Nauliza kuhusu umeme tu."

Lwitiko alivuta pumzi nyuma ya barakoa. Aliijua sheria ile kwa moyo, na alionekana akiipitia kifungu kwa kifungu, kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo. "Inasema Mkono utaacha kuhesabu," alisema hatimaye. "Haisemi utaacha kufanya kazi. Nadhani hakuna aliyefikiria kwamba mtu atafanya nyonga isiyohesabiwa."

Sista Kokubanza alikuwa ameshatoka kwenda stoo. Alirudi na mashina membamba, yale yanayoingia kwenye mifupa ya vijana. Yalikuwa matatu, mengine yaliagizwa na sasa yasingekuja. Foleni, Veredia akiwemo, ilikuwa na watu ishirini na mmoja. Nyangeta alisoma majina, akachagua wawili waliokaa karibu na wenye hali mbaya zaidi, akamwambia Sista awapigie. Kumi na wanane waliobaki hakuwapigia. Hakukuwa na kitu cha kuwaambia ambacho wasingekijua kesho.

Wa kwanza alikuwa Veredia. Alichomwa ganzi ya mgongoni, akalazwa ubavu, macho wazi juu ya shuka.

"Nimesikia sihesabiki," alisema.

"Huhesabiki."

"Nikipasuka?"

"Na hilo halitahesabiwa. Hutalipwa fidia, wala hakuna atakayeulizwa. Unaweza kukataa, Veredia. Sasa hivi, hata nikiwa nimeshika kitufe."

Veredia aliwaza. Jana alikuwa ameutaka mguu wake mbele ya kitanda cha mwanamke aliyevunjika, na mwanamke huyo sasa alikuwa barabarani, analalamika juu ya mashimo.

"Bibi atafika salama?"

"Mfupa umefungwa vizuri, ana dawa ya maumivu, na kule watamfanya kesho. Nadhani atafika."

"Basi ni mimi na wewe tu."

"Na Sista."

"Na ng'ombe wa Masatu," alisema Sista Kokubanza, akikaza taa.

"Haya. Bonyeza."

Nyangeta alibonyeza kijani. Mkono ulishuka kwenye reli, ukasimama juu ya paja, ukachana. Ulikata kichwa cha mfupa kilichokufa, cheupe kama chaki, ukakiweka kwenye bakuli. Ukachonga kikombe. Ukaingiza tupa kwenye uwazi ule mwembamba, ambao Mkono mwingine wowote nchini ungepotea humo, na haukupotea. Ukashika shina.

Jepesi.

Lwitiko alikuwa ametoka mahali pa wakaguzi, yuko mlangoni, nusu ndani nusu nje, mkono wake kwenye kitasa. Nyuma yake korido ilikuwa wazi mpaka uani.

"Daktari," alisema, "unaelewa kwamba hii haitaingia popote."

Jepesi. Zito.

"Funga mlango," alisema Nyangeta bila kugeuka. "Vumbi linaingia."

Akaufunga. Alibaki upande wa ndani.